Dakika Kumi na Tano za Bwana Thani

Mulazimu Fakhriya, afisa wa polisi ya Oman, alivua viatu, akaviweka pembeni, kisha akaanza na mlango. Kufuli ilikuwa nzima. Bawaba hazikuguswa. Karatasi aliyoibandika sajini wao, Arifu Mahrous, Alkhamisi iliyopita, yenye sahihi yake na muhuri wa kituo, ilikuwa bado imeshikamana na mbao na haikuchanika hata pembeni.

"Tangu siku ile hakuna aliyeingia?"

"Wallah hakuna." Bader aliupapasa mfuko wa dishdasha yake, ufunguo ukalia. "Jumatano baada ya Magharibi nilifunga kwa mkono wangu huu. Alkhamisi Mahrous akaja, akatazama dirisha, akabandika karatasi yake. Khalas. Leo Jumatano tena, wiki nzima, na bado mnaniuliza maswali yale yale."

"Nitakuuliza mengine. Fungua."

Kesi hii mtu akiisikia kwa mbali atacheka. Naqib Khalaf, mkubwa wake Fakhriya, alicheka pale alipomkabidhi faili. Kilichopotea ni roketi ya mti, urefu wake kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, imepakwa rangi nyeupe na nyeusi. Aliichonga marehemu Thani, baba yake Bader, zama zile alipokuwa fundi wa majenereta kwenye kituo cha Wamarekani cha Tunguu, Unguja, kilichojengwa kwa ajili ya kuvifuatia vyombo vyao vya angani. Haikuwa na dhahabu wala fedha ndani yake. Ila ukurasa wa mwisho wa faili ulimkatiza Naqib kicheko. Kesho usiku ilikuwa milka, yaani nikahi, ya Manar, binti mdogo wa marehemu, na mtu aliyeshukiwa kuiba roketi alikuwa ndiye mchumba mwenyewe, Yaarub.

"Ikiadhiniwa Alasiri na sina jibu," alisema Bader huku akihangaika na kufuli, "nampigia simu baba yake Yaarub. Namwambia tusahau. Siwezi kumwoza dada yangu kwa mtu aliyetia mkono kwenye rafu ya maiti."

"Ulimpenda kabla ya hapo?"

Bader aligeuza ufunguo. "Wale watu wa bara. Wametoka Kigoma huko. Baba ndiye aliyekubali, mimi nilikuwa na yangu. Lakini hiyo si kesi."

"Pengine," alisema Fakhriya, akaandika.

Mlango ulifunguka, karatasi ya Mahrous ikachanika katikati. Chumba kilikuwa kidogo, chenye ubaridi wa Novemba na harufu ya vitabu vilivyokaa sana. Ubavuni palikuwa na meza, juu yake redio kubwa ya zamani. Kulikuwa na dirisha moja tu, nalo lilielekea mashariki. Mkabala na dirisha palikuwa na rafu, na juu ya rafu, ukutani, saa ya mbao yenye ulimi wa shaba. Ulimi ulikuwa ukicheza taratibu, kwenda na kurudi.

Fakhriya hakuigusa rafu. Aliinama akaitazama kwa usawa wa macho. Kati ya vitabu viwili palikuwa na kigoda kidogo cha mbao chenye msumari katikati, na vumbi jembamba la wiki moja juu yake.

"Hiki nini?"

"Kigoda chake. Roketi inachomekwa hapo ndiyo isimame."

"Mwizi kakiacha?"

"Alikuwa na haraka."

"Kwa maelezo yako alikaa humu peke yake dakika ishirini."

Fakhriya aliandika tena, kwa raha kidogo, maana alikuwa mtu wa kupenda vitu vidogo vilivyoachwa nyuma.

Alitoa picha kutoka kwenye faili. Hiyo ndiyo iliyomchongea Yaarub. Kituoni walipoomba picha ya kitu kilichopotea, Bader alikumbuka kwamba dada yake mwingine, Hiba, aliyekaa na mama yao tangu msiba, alipiga picha za nyumba kwa kamera yake yeye Bader siku ile ile ya Jumatano, kabla ya kuondoka kwenda Pemba kwa jamaa. Filamu ikasafishwa. Katika picha moja roketi ilionekana imesimama juu ya kigoda chake, na juu yake saa ya ukutani, mshale mfupi kwenye tatu na mrefu kwenye mbili. Arifu Mahrous akafanya hesabu ya kila mtu Oman. Tatu na dakika kumi, mchana wa kazi ukimalizika. Yaarub aliingia chumbani tatu na nusu, akangoja hadi Bader aliporudi kutoka kusali Alasiri. Jioni rafu tupu. Katikati hapo hakuingia mwingine.

"Hiba aliondoka saa ngapi?"

"Sijui hasa. Mimi na Manar tulifika kutoka Nizwa tatu na robo hivi, tukakuta keshatoka. Nikadhani tumepishana naye njiani."

"Hujamuuliza?"

"Ya Mulazimu, yuko kijijini nje ya Wete. Hakuna simu. Nimetuma barua na mtu."

Fakhriya aliinua macho tena kwenye saa ya ukutani. Kisha akatazama ya mkononi mwake. Yake ilisema kumi kasoro dakika tano, yaani saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Ya ukutani mshale mfupi ulikuwa karibu na nne, na mrefu kwenye kumi na moja.

"Saa hii mbovu?" aliuliza.

Bader aliitazama kwa mara ya kwanza. "Ya zamani hiyo. Labda imepotea."

"Saa mbovu hupotea dakika, bwana. Hii haikupotea hata moja. Iko sawasawa na yangu, ila kuna masaa sita katikati." Alisogea karibu, akasikiliza mdundo. "Na hutiwa ufunguo mara ngapi?"

"Kila siku nane, baba alikuwa akisema."

"Basi kuna aliyeitia ufunguo wiki iliyopita, kabla hujafunga mlango. Mtu anayeitunza saa hivyo hawezi asione kwamba haiko sawa. Kaiweka makusudi."

Bibi yake Fakhriya, mzaliwa wa Chake Chake, alikuwa na saa ya namna hiyo jikoni kwake hadi siku ya kufa kwake. Saa moja asubuhi mshale ulikuwa kwenye moja, kwa sababu jua limetoka saa moja iliyopita na siku ndiyo kwanza inaanza. Watoto wa shule wa mtaani walikuwa wakimcheka. Fakhriya mdogo naye alicheka, na leo alisikia haya.

"Saa hii ni ya Kizanzibari," alisema. "Mshale ukiwa kwenye tatu si alasiri. Ni saa tatu asubuhi."

"Haiwezekani. Baba tangu tuje Oman aliiweka kama za watu wote. Mimi mwenyewe..." Bader alisita. "Mimi sikuingia humu tangu azza, siku zile za matanga. Hata Jumatano nilitazama rafu nikiwa mlangoni."

Fakhriya aliinua ile picha mbele ya dirisha. Katika picha kulikuwa na mraba wa mwanga umelala juu ya rafu, umeikata roketi kiunoni. Akageuka. Mraba ule ule ulikuwa pale sasa, umeteremka kidogo tu na kugusa migongo ya vitabu.

"Dirisha lako linatazama mashariki. Alasiri jua huwa upande wa pili wa nyumba. Picha ilipigwa asubuhi, saa tatu na dakika kumi. Baada ya hapo hadi Yaarub kuingia kuna zaidi ya masaa sita, na katika masaa hayo sijui nani aliingia humu. Wala wewe hujui."

Bader aliketi kwenye kiti cha baba yake, kisha akakumbuka ni cha nani, akainuka.

"Lakini huenda saa iligeuzwa baadaye," alisema. Mshindani huyu, lakini hoja yake haikuwa ya kipumbavu.

"Huenda. Ndiyo maana nina shahidi mmoja nje."

Yaarub alikuwa nje ya geti, ndani ya gari yake ndogo nyeupe, kwa sababu Fakhriya alimwambia awepo saa nne na kijana huyu alikuwa wa kufika kabla ya saa aliyoambiwa. Alifundisha fizikia shule moja ya Sur. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na kwa wiki nzima hakuwa amelala vizuri. Alishuka haraka alipomwona.

"Mulazimu, kuna habari?"

"Kuna swali. Ulipoingia chumbani, roketi ilikuwepo?"

"Nilishasema kwenye steitimenti. Haikuwepo. Kilikuwepo kile kigoda peke yake."

"Na hukuuliza."

"Ningemwuliza nani?" Aliitoa miwani akaifuta kwa kilemba. "Nyumba ya msiba. Nilifikiri wameiondoa kwa sababu inawatia uchungu. Mgeni hawezi kuanza kuuliza vitu viko wapi. Kumbe ningeuliza, ningeokoka."

"Saa ya ukutani uliiona?"

"Niliiona, na nilishangaa. Yangu inasema tatu na nusu, ile inasema tisa na nusu. Nikajua imeharibika. Nilitaka kuirekebisha, halafu nikasema hapana, Bader akinikuta nimepanda juu ya kiti nachezea saa ya marehemu, nitakuwa nimejiharibia chansi mwenyewe."

Fakhriya nusura acheke. "Kwa hiyo ilikuwa hivyo hivyo Jumatano."

"Ilikuwa hivyo hivyo." Akamtazama. "Ni kitu kibaya?"

"Kaa hapo hapo. Usiende popote."

Alibaki mtu mmoja tu asiyeulizwa. Mnunuzi wa vitu vya kale aliyewahi kuitaka roketi ile, Turki wa soko la Nizwa, Fakhriya alikuwa ameshamhoji Jumapili. Siku ya Jumatano alikuwa dukani kwake tangu asubuhi mbele ya watu kumi, na alilosema la maana lilikuwa moja. Roketi ina bawa moja lililovunjika chini, na marehemu alikataa kuiuza mara tatu na kukataa pia iguswe na fundi wa ovyo ovyo. Fakhriya aliliandika hilo bila kujua atalitumia wapi. Sasa alianza kujua.

"Nataka kuzungumza na mama yako," alimwambia Bader.

"La. Mama yumo edani."

"Ndiyo maana nimeletwa mimi na si Mahrous."

"Si hilo tu." Bader alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na ukali. "Hajui. Hajui kama imepotea. Nimemwambia Manar asifungue mdomo. Mama ana miezi miwili tu tangu afiwe, nimwendee nimwambie na roketi ya baba imeibiwa? Nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole. Kila siku ananiuliza Yaarub yuko wapi, namwambia ana mitihani."

Fakhriya alimwonea huruma. Mtu mzima, mkubwa wa ofisi, anamdanganya mama yake kama mtoto aliyevunja bilauri. Na kwa mapenzi yale yale alikuwa amemziba mdomo mtu pekee ambaye siku ile hakutoka nyumbani hata hatua moja.

"Bwana Bader," alisema kwa upole, "mwenye eda hatoki. Alikuwa humu ndani siku nzima. Mmemuuliza kila mtu isipokuwa yeye."

Bi Mabruka alikuwa kwenye chumba cha ndani, juu ya godoro, amevaa nguo nyeupe isiyo na pambo, tasbihi mkononi. Manar alikuwa akimkatia papai. Macho ya binti huyo yalikuwa yamevimba, na alipomwona askari wa kike kisu kilimtoka mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe wa kwa nani?"

"Fakhriya. Bibi yangu alikuwa Bi Shinuna wa Chake Chake."

"Shinuna wa nyumba ya boriti nyekundu? Alhamdulillahi! Nani asiyemjua Shinuna kwa ukali wake." Alicheka, akampigia godoro akae. "Na wewe umekuwa askari. Basi umemrithi."

"Bibi, ile saa ya chumbani kwa Bwana Thani, nani aliyeigeuza?"

Bi Mabruka aliacha kuhesabu tasbihi. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo alilolingoja.

"Mie. Nilimpandisha Hiba juu ya kiti, nikamwambia irudishe kama ilivyokuwa kwetu. Miaka thelathini na nne marehemu ametwaa saa za huku kwa sababu ya kazi na watoto. Mie sikuzizoea. Usiku ananiambia sasa saa nane, mie moyoni nasema saa mbili. Alipokufa nikasema, basi, na irudi kwetu. Nikiwa peke yangu naisikia inavyogonga, naona kama niko Malindi kwetu Unguja na mume wangu yuko njiani anakuja kutoka Tunguu." Akarudi kwenye tasbihi yake. "Ni vibaya?"

"Si vibaya hata kidogo."

"Jumatano asubuhi kabla hajasafiri kaitia ufunguo tena, akapiga na picha, zikisafishwa wapelekewe Pemba."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa tatu na kitu. Saa nne gari ikamchukua."

Fakhriya alimtupia jicho Bader aliyesimama mlangoni. Kisha akauliza swali lake la mwisho, nalo lilikuwa jepesi kuliko yote.

"Na roketi, bibi, iko wapi?"

"Iko kwa fundi, huko Sur," alisema Bi Mabruka. "Kwani vipi?"

Papai lilibaki mkononi mwa Manar.

"Bawa lake lilivunjika mwaka juzi," bibi aliendelea, akiwatazama mmoja mmoja. "Thani hakutaka kumpa kila mtu. Kuna Wiam, anauza vitambaa hapa kwenye soko letu la wanawake la Jumatano, mumewe Abdullatif ni seremala wa kweli. Nikamwambia Hiba, ukipita sokoni mpe Wiam, aniletee Jumatano ijayo. Ndiyo leo hii. Akishauza atapita."

"Mama," alisema Bader, "kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini ningekwambia? Ilikuwa siri ya arusi. Kila siku nakuuliza Yaarub yuko wapi, unaniambia mitihani. Nilisema moyoni, kijana huyu atasoma mpaka lini."

"Siri gani ya arusi?"

"Roketi ni yake. Baba yako aliniusia kitandani. Alisema, watoto wangu wote nawapenda, lakini yule kijana wa bara ndiye pekee aliyeniuliza ilipanda maili ngapi. Nyie mlikuwa mkimwambia baba hebu tuachie."

Manar alifunika uso kwa mtandio na kulia kwa sauti, kilio cha wiki nzima. Mama yake akashtuka. Ikabidi aambiwe. Fakhriya alimwachia Bader aseme mwenyewe, na Bader alisema, kwa maneno yaliyokwama kila hatua: picha, saa, faili, jina la Yaarub kwenye karatasi ya polisi, simu aliyokuwa aipige Alasiri. Alipomaliza alikuwa ameketi chini miguuni pa mama yake bila kujua ameketi lini.

Bi Mabruka hakumkaripia. Alitia mkono chini ya mto, akatoa daftari lenye jalada la kitambaa.

"Macho yangu hayaoni tena. Nisomee hapo nilipokunja."

Bader alifungua. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, wa ujanani, umesimama wima.

"'Ijumaa, tarehe tano Mei 1961,'" alisoma. "'Wamesema roketi itaruka na mtu ndani saa tisa na dakika ishirini. Saa tisa na dakika ishirini haikuruka. Kuna mawingu kule kwao. Saa kumi haikuruka. Kuna chuma kimeharibika. Watu wa arusi wananingoja Malindi tangu Alasiri...'" Alinyanyua kichwa. "Arusi gani?"

"Yangu mie. Endelea."

"Sikujua."

"Hukutaka kujua. Ukisikia roketi tu unatoka nje."

Ni kweli. Asubuhi ile ile, getini, kabla Fakhriya hajavua viatu, Bader alikuwa amesema kwa kejeli: safari yenyewe dakika kumi na tano, ikapanda ikaanguka, wala Zanzibar haikupita, na baba miaka thelathini na saba anaisimulia. Sasa mwenyewe alilikumbuka neno hilo, maana alimkwepa Fakhriya kwa macho.

"Baba yangu alikasirika," alisema Bi Mabruka. "Shekhe kakaa, halua inakauka, bwana arusi hayupo. Baba kauliza yuko wapi, akaambiwa yuko Tunguu wanangojea roketi ya Wamarekani ipande, kila jenereta na fundi wake. Akauliza roketi hiyo inaendeshwa na nini, mjinga mmoja akamjibu, kwa spiriti. Weee! Baba kasimama. Mtu anaacha nikahi ya mwanangu kwa chombo cha walevi! Na aende akaioe hiyo roketi. Akataka kuwatawanya watu."

"Ikawaje?" aliuliza Fakhriya, na hapo hakuwa tena askari.

"Mama kamwambia, mngoje mpaka Isha, umsikie mwenyewe. Wamngoje tu. Akangoja. Maliza, Bader."

Bader alitafuta mstari. "'Imeruka saa kumi na moja na dakika thelathini na nne. Imetua baharini kwao saa kumi na moja na dakika arubaini na tisa. Mtu ni mzima, hana jeraha. Tumepiga makofi. Nimefika arusini baada ya Isha. Nilidhani wameshaondoka.'" Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, na ilimchukua muda. "'Mabruka amenisubiri.'"

Fakhriya alijifanya anapanga karatasi zake.

"Alikuwa amejaa grisi mpaka masikioni," alisema bibi taratibu. "Baba akamtazama, akaona mtu anatetemeka. Hakumuuliza kitu. Akampa mkono. Tulipoondoka Unguja roketi ile niliifunga kwenye blanketi lako wewe, Bader, na wewe nikakufunga kwenye kanga yangu. Ulikuwa wa miaka miwili. Ulilia njia nzima. Nadhani ndiyo maana hukuipenda."

Bader alicheka na machozi pamoja.

Wiam alibisha hodi kabla ya Adhuhuri, mwanamke mnene mchangamfu, barakoa imepandishwa kipajini kwa joto la soko, kikapu kichwani. Chini ya vitambaa vyake kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye taulo. Aliona sare ya polisi akarudi nyuma hatua moja.

"Yallah salama! Nimefanya nini?"

"Umeleta amana," alisema Fakhriya. "Nitakusumbua sahihi moja tu."

Waliifungua mbele ya Bi Mabruka. Roketi ilikuwa nyembamba na nyoofu, nyeupe na nyeusi, na juu ya ncha kile kijumba cha bati alichokaa rubani, kidogo kuliko kikombe cha kahawa. Bawa jipya lilikuwa la mti wa rangi nyingine. Abdullatif hakulipaka. Alimtuma mkewe aseme kwamba rangi na iachiwe mwenye nyumba, asije akaharibu mkono wa marehemu.

Fakhriya aliipima roketi kwa rula, kwa kuwa faili lazima lifungwe, akaandika urefu, hali ya kitu, jina la aliyeleta na saa. Chini yake aliandika kwamba hakukuwa na wizi. Kisha akamkabidhi Bader.

Bader alikaa nayo mkononi. Alionekana kama mtu aliyepewa kitoto kichanga asichojua kukishika.

"Simu iko pale," alisema. "Nimpigie nimwambie nini?"

"Huna haja ya simu," alisema Fakhriya. "Yuko getini kwako tangu saa nne. Mimi nilimwambia asiondoke."

"Yuko juani?"

"Juani."

Bader alitoka bila kofia na bila viatu. Fakhriya alirudi kwenye chumba cha marehemu kuondoa karatasi ya Mahrous mlangoni, na kutoka pale aliliona geti kupitia ua. Hakusikia lolote. Alimwona Yaarub akishuka garini, akasimama mikono imeshuka kama mtu anayengoja kufungwa pingu. Alimwona Bader akizungumza huku anatazama chini. Kisha Bader akainyanyua roketi kwa mikono miwili, na Yaarub hakuipokea mara moja. Aligeuka upande, akaegemea gari, miwani mkononi. Bader akaweka kiganja mgongoni mwake. Walikaa hivyo. Baadaye kijana aliichukua, akaigeuza, akalitazama lile bawa jipya, na bila shaka akauliza jambo, kwa sababu Bader alianza kuonyesha kwa mkono kitu kinachopanda juu, juu, kisha kinainama na kuanguka.

Hakuwa anaikejeli sasa. Alikuwa anaisimulia, na mkono wake ulikuwa wa baba yake.

Waliporudi ndani wawili, Fakhriya aliitazama saa ya ukutani, mazoea ya kazi, aandike muda. Kisha akaenda kumuaga Bi Mabruka. Manar alikuwa ameshakimbilia ukumbini, chakula alichokikataa kwa siku tatu kikimsubiri jikoni.

"Amempa?" aliuliza bibi.

"Amempa."

"Wamezungumza muda gani huko nje?"

"Dakika kumi na tano, bibi."

Bi Mabruka aliishika tasbihi yake, akafumba macho, akatabasamu.

"Basi zinatosha," alisema. "Thani naye, siku ile ya roketi yake, ndizo alizotaka."